Wanaojua Kuzamisha

Kiongoroni mtu akitaka kupotea hana haja ya kukimbia. Anaingiza mtumbwi kwenye kijito maji yakiwa yamejaa, anasukuma pondo mpaka ndani ya mikoko, kisha anatulia. Maji yakipwa, chombo kikubwa hakimfuati tena. Anayemtafuta atabaki mdomoni mwa mto akiangalia matope. Mto Rufiji ukifika huku Kibiti unajigawa mikono mingi, na nahodha wa delta anautazama mwezi tu akajua kama leo atapita au atalala njiani.

Ndiyo maana manowari ya Kijerumani Königsberg ilikimbilia humu mwaka 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 20 Septemba ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika. Nahodha Max Looff akaifunika kwa matawi ya mikoko, na vipuri vibovu vikaburutwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikivutwa na watu wa nchi hii kwa kamba na mabega. Waingereza wakaziba mkondo mmoja kwa kuizamisha meli kuukuu, Newbridge, wakaleta ndege, na mwisho wakamtuma mwindaji wa tembo aliyeitwa Pieter Pretorius apenye mikokoni kwa siri apime kina cha maji. Wengi huisimulia habari ya Rufiji kwa kumsifu huyo jasusi. Mimi sifa zangu nawawekea mafundi wa upande wa pili: wale wanaojua kukifanya kitu kionekane kimekufa, kumbe kimewekwa.

Königsberg ilihitaji makaa ya mawe. Februari 1915 ikatoka Ujerumani meli ya kuyaleta. Ilikuwa meli ya Waingereza, Rubens, iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Sasa ilipakwa jina jipya, Kronborg, ikapewa karatasi za Denmark na mabaharia wanaojua Kidenishi, na mbao zikapangwa juu ya sitaha ili ionekane meli ya biashara. Chini ya mbao hizo kulikuwa na bunduki na risasi. Nahodha Carl Christiansen akaizungusha Afrika nzima, lakini Waingereza walikuwa wamekwisha kunasa mawasiliano. Tarehe 14 Aprili, manowari yao Hyacinth ikaikuta karibu na Tanga, ikaikimbiza mpaka Ghuba ya Manza.

Hapo ndipo ustadi ulipo. Christiansen hakusubiri azamishwe. Aliipandisha meli kwenye maji mafupi, akafungua vali za chini bahari iingie taratibu, kisha akazimwagia petroli mbao za sitahani na kuziwasha. Tuuangalie vizuri mpango huo. Juu kuna moto mkubwa ambao adui anauona kwa macho yake. Chini shehena imeshafunikwa na maji ambayo moto hauwezi kuyavuka. Mbao zilizobebwa ili kudanganya njiani ndizo zilizotumika kudanganya mara ya pili. Hyacinth ikapiga mizinga, ikaridhika kwamba meli imeteketea, ikaondoka.

Wiki zilizofuata wapiga mbizi waliingia maji yale wakaopoa sehemu kubwa ya silaha. Risasi zilizolowa zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Kazi ya vidole, ya kuchosha, na hatari. Nyingine hazikulia kamwe, lakini nyingi zililia. Makaa ya Königsberg ndiyo hayakufika Rufiji, na bila makaa haikuwa na pa kwenda.

Tarehe 11 Julai 1915, baada ya Königsberg kupigwa na manowari za Waingereza Severn na Mersey, Looff aliilipua mwenyewe kwa vichwa vya torpedo. Waingereza wakahesabu kwamba imekwisha. Lakini mizinga yake yote kumi, ya milimita 105, ilitolewa kwenye mabaki, mingi ikatiwa magurudumu, ikapigana bara kwa muda mrefu. Mmoja uko Mombasa hadi leo. Mmoja ulisafiri mpaka Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, Ziwa Tanganyika, na huko ziwani ndiko ufundi huu ulikofikia kilele.

Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, waliamriwa waizamishe Götzen. Mafundi waliotumwa kutoka Papenburg, Ujerumani, kuja kuiunda, akina Anton Rüter, walikuwa bado wapo. Waliipaka mitambo grisi nzito kila mahali maji yangeweza kula chuma, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha polepole. Nampenda sana fundi wa namna hii. Ameambiwa aharibu, naye katika kutii anaandaa kazi ya atakayeiopoa, hata kama huyo ni adui yake. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua wakakuta mitambo na matangi ya mvuke bado yanafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na mitambo ile iliendelea kuzunguka hadi miaka ya 1970, ikibeba dagaa, mahindi, wajawazito na wakimbizi.

Jina la Rüter limeandikwa vitabuni, na ni haki yake. Waliozama Manza kuopoa silaha, waliovuta mizinga kutoka kwenye matope ya delta, walioburuta vipuri hadi Dar es Salaam, hawakuandikwa. Wengi walilazimishwa, kwa vita visivyokuwa vyao, na wapagazi walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Hilo haliwezi kuitwa ushujaa wa hiari. Lakini ustadi walikuwa nao. Kuvuta mzinga wa chuma usizame tena, unahitaji kujua matope yanabeba wapi na maji yatarudi saa ngapi, na elimu hiyo haikuja na meli kutoka Ujerumani. Ilikuwa Rufiji kabla ya Looff, na nahodha wa Kiongoroni bado anaitumia kuvusha watu na samaki.