Jinsi Mimea ya Delta ya Rufiji Inavyopimwa

Delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, ilikadiriwa, karibu mwaka 1990, kuwa na takriban hekta 53,000 za misitu ya mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Na atakaye kujua ni mimea gani imeota humo, wapi, na kwa wingi gani, hana budi kwanza kuitii bahari, kwa maana kujaa na kupwa kwa maji ndiko kunakoamua saa ya kuingia na saa ya kutoka.

Mpango wa kutunza mikoko ya Tanzania Bara, ulioandikwa mwaka 1991 na Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitegemea tadbiri mbili zilizosaidiana: picha zilizopigwa kutoka angani, na ukaguzi wa miguu matopeni. Picha hudhihirisha mipaka ya msitu kwa wepesi mkubwa, lakini huona vilele tu, wala haina habari ya miche iliyo kivulini, ilhali miche ndiyo ithibati ya kwamba msitu utadumu.

Kwa hiyo kazi ya ardhini haina budi kufanywa, nayo hufuata chumvi, kwa kuwa miti hupangika kwa kadiri yake. Wapimaji huvuta kamba tangu ukingo wa maji hadi nchi kavu, wakatenga viraba, aghalabu vya mita 10 kwa 10, na katika kila kiraba huandika jina la kila mti, unene wake, na idadi ya miche. Unene hupimwa mita 1.3 juu ya ardhi. Ila mkoko wenyewe, mti mmoja tu kati ya ile iitwayo mikoko kwa jumla, kwa kuwa husimama juu ya matao ya mizizi yake, hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi ulio juu kabisa. Kamba ikisonga mbele, mililana iliyoelekea bahari huachia mikoko nafasi, na mikoko huachia mikandaa na michu. Na kule mtoni, chumvi inapopungua, hutokea mikomafi na misikundazi. Wenyeji huijua miti hii kwa majina na kwa kazi zake, na mpimaji aingiaye bila ya mwenyeji kando yake amejinyima elimu kubwa.

Mimea ya maji matamu ina taratibu nyingine. Matete na mafunjo huhesabiwa kwa macho, lakini iliyozama huvuliwa kwa reki iliyofungwa kamba na kutupwa kutoka mtumbwini. Ikitolewa majini hunywea na majani yake hugandamana hata umbo lisitambulikane. Kwa sababu hiyo huwekwa ielee katika beseni la maji, karatasi ikapitishwa chini yake, majani yakatandazwa kwa brashi, kisha karatasi ikainuliwa polepole, maji yakachuruzika, ndipo ikakaushwa.

Mpango wa 1991 ulikuwa wa mikoko tu, na tangu hapo hali imebadilika. Tangu Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, lililo juu zaidi katika mto Rufiji, limeanza kuzuia maji na udongo ulioilisha delta, na mpaka wa chumvi na maji matamu hauwezi kubaki kama ulivyokuwa. Nawasihi wakuu wa misitu na wanavyuo wazivute kamba tena katika delta, na safari hii wasiishie kwenye msikundazi wa mwisho, bali waendelee hadi kwenye mafunjo na yungiyungi.