Kiwanda kimekodishwa au kimeuzwa? Mvutano wa maana mjini Awendo

WANAFUNZI wa semantiki hufunzwa mapema kwamba visawe kamili ni adimu. Maneno mawili yanaweza kukaribiana kimaana, lakini aghalabu hutenganishwa na jambo fulani: mazingira ya matumizi, hisia, au historia ya wanaoyatumia. Nikiwa mjini Awendo, Kaunti ya Migori, niliiona kanuni hiyo ikijadiliwa nje ya darasa, kwenye kituo cha bodaboda.

Mazungumzo yalihusu kiwanda cha sukari cha Sony. Kijana mmoja alimwambia mkulima mwenye umri wa babu yake: "Mzee, hakijauzwa, kimekodishwa tu." Mzee akamjibu: "Mjukuu wangu, miaka thelathini? Mimi nitakuwa wapi? Hiyo ni kuuza." Waliokuwapo wakacheka. Kijana akatikisa kichwa kana kwamba mzee hajui Kiswahili.

Ukweli ni kwamba mnamo 2025 serikali ilivikodisha viwanda vinne vya umma, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, kwa kampuni za kibinafsi kwa kipindi cha miaka 30. Tangu wakati huo nimevisikia vitenzi vitatu vikipokezana redioni na katika mikutano ya siasa kana kwamba ni kitu kimoja: kukodisha, kubinafsisha na kuuza.

Tuanze na maana ya msingi. Kuuza ni kumpa mtu umiliki wa kitu kwa malipo. Kukodisha ni kumpa matumizi ya kitu kwa muda na kwa malipo, umiliki ukibaki kwa mwenyewe. Kubinafsisha ni neno pana zaidi. Hujumuisha njia mbalimbali za kuiondoa shughuli mikononi mwa umma na kuitia mikononi mwa watu binafsi. Mauzo ni njia mojawapo, ukodishaji ni nyingine. Kwa hivyo anayetangaza kwamba kiwanda kimebinafsishwa, kisha akakomea hapo, hajatwambia ni njia gani iliyotumika.

Kuna kosa jingine linalonikera zaidi. Utasikia mtangazaji akisema, "Mwekezaji amekodisha kiwanda kutoka kwa serikali." Sivyo! Mwekezaji amekodi, serikali ndiyo iliyokodisha. Kiambishi -sh- hakikuwekwa pale kama pambo. Kinatuonyesha nani ametoa na nani amepokea, kama katika kopa na kopesha, au panga na pangisha. Kitenzi azima huweza kubeba pande zote mbili, muktadha ukatufafanulia. Kodi na kodisha havina ulegevu huo, na katika jambo linalohusu mali ya umma, kuvichanganya ni kumgeuza mpangaji kuwa mwenye nyumba.

Kufikia hapo, kijana wa bodaboda ana haki ya kujipongeza. Hata hivyo, hapo ndipo ufundishaji wetu mwingi wa maana hukomea, nao haumtendei mzee haki.

Mwanaisimu Geoffrey Leech, katika kitabu chake kuhusu semantiki cha 1974, alibainisha aina saba za maana. Maana ya msingi ni moja tu kati yazo. Kuna pia maana ya ziada, ile inayotokana na tajriba za watu kuhusu kile kinachotajwa. Katika eneo la miwa, kukodisha si neno geni. Mtu mwenye haja ya karo humkodishia jirani kipande cha shamba kwa mavuno kadhaa. Muwa wa kwanza huchukua mwaka mmoja na nusu hivi au zaidi, kisha yakafuata machipukizi. Mwenye shamba huhesabu misimu akijua atalirudia shamba lake angali hai. Tarajio hilo la kurudishiwa ndilo linalolipa neno uzito wake. Ukitamka "kukodisha" kisha ukaongeza "miaka thelathini" mbele ya mtu wa miaka sabini, tarajio linavunjika, ingawa maana ya kamusi imebaki vile vile.

Isitoshe, lazima tutofautishe maana ya sentensi na maana ya msemaji, tofauti aliyoichunguza mwanafalsafa Paul Grice. "Hiyo ni kuuza", ikichukuliwa kama sentensi, si kweli. Lakini mzee hakuwa akitoa ushauri wa kisheria. Alikuwa akisema: kwangu mimi, tofauti hiyo haina faida. Kumjibu kwa kamusi ni kujibu swali ambalo hakuliuliza.

Je, basi tuandike kwamba kiwanda kimeuzwa kwa kuwa wananchi wanahisi hivyo? La hasha. Neno tunalolichagua huamua maswali tutakayoyauliza. Aliyeuza ng'ombe haulizi tena analishwa nini. Lakini aliyekodisha ana haki ya kuuliza: kodi ni kiasi gani? Inalipwa lini, na inamfikia nani? Mitambo itarudishwa katika hali gani? Mpangaji akivunja masharti, nini kitafanyika? Tukilikubali neno "kuuza", maswali hayo yanazikwa, na anayepoteza ni yule yule mkulima aliyelitamka kwa uchungu.

Kwa hivyo wajibu wa mwandishi wa habari ni wa aina mbili. Katika maelezo yake, ashikilie kitenzi sahihi na akifafanue. Katika nukuu, ayaache maneno ya mkulima jinsi yalivyo, bila kuyasahihisha, kisha aeleze yametoka wapi. Walimu wa Kiswahili nao wasiridhike na mwanafunzi anayekariri fasili za aina za maana. Wamtume asikilize watu wakibishana sokoni na kwenye vituo vya matatu.

Yule kijana alikuwa na neno sahihi mdomoni. Alichokosa ni swali dogo ambalo Kiswahili chetu kinalo tangu jadi: "Mzee, una maana gani?"