Manjano, Mkonge na Hataza: Uhakiki wa Kauli ya "Wametuibia"

Ziko kauli ambazo huzoeleka mno hata watu wakaacha kuzipima. Mojawapo ni ile isemayo kwamba wageni wametuibia dawa zetu. Husikika katika midahalo ya shule, katika hotuba na katika insha za wanafunzi. Na aghalabu hupokewa kwa makofi, kwa sababu inagusa jeraha la kweli la historia yetu. Lakini kazi ya uhakiki si kupiga makofi. Kazi yake ni kuuliza: nani aliiba, aliiba nini, na kitu hicho kilikuwa mali ya nani? Katika makala haya tutaipima kauli hiyo kwa mifano miwili ihusuyo tiba na urembo wa ngozi, yaani manjano na mkonge. Tumeichagua kwa kuwa yote miwili yajulikana sana na watu wa Tanga na mwambao wa kaskazini, na kwa kuwa inatupa majibu mawili yasiyofanana.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno hataza. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi ili awazuie wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila ya idhini yake, kwa muda maalumu, ambao katika nchi nyingi ni miaka 20. Haki hiyo ina masharti. Uvumbuzi uwe mpya. Usiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kazi hiyo angelifikia kwa urahisi. Uwe na matumizi ya kweli. Na mvumbuzi aueleze wazi kwa maandishi. Tukiitazama hataza kama mhakiki atazamavyo maandishi yoyote, tutaona kwamba nayo ni aina ya masimulizi. Ina msimulizi mwenye jina, ina tarehe, na kiini cha usemi wake ni kwamba jambo hili halikuwako kabla yangu.

Maarifa ya ngozi katika mwambao wetu husimuliwa kwa namna nyingine kabisa. Mwari atayarishwapo kwa arusi, somo au kungwi wake humsinga. Liwa husuguliwa juu ya jiwe kwa marashi, manjano hutwangwa, na huchanganywa karafuu, mawaridi, asumini au mlangilangi, kila nyumba kwa kipimo chake. Kusudi la singo ni kuisafisha ngozi, kuilainisha na kuinukisha. Iko pia dalia, ule unga wa manjano upakwao mwilini kwa harufu yake. Manjano yenyewe si ya urembo tu; watu huyachanganya na chumvi wakakandia uvimbe. Katika mafunzo hayo yote kungwi hasemi kuwa yeye ndiye aliyevumbua. Husema kwamba ndivyo alivyofundwa. Mamlaka yake hayatoki katika upya wa jambo, bali katika ukale wake. Basi kile ambacho kwa kungwi ni sifa, yaani kwamba jambo ni la kale na la wote, kwa msimulizi wa hataza ni kasoro inayobatilisha dai lake.

Tazama sasa yaliyoyapata manjano. Mwezi Machi 1995 chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi, huko Marekani, kilipewa hataza juu ya matumizi ya manjano katika kuponya vidonda. Wavumbuzi waliotajwa katika hati hiyo walikuwa wanasayansi wawili wenye asili ya India. Jambo hili pekee latosha kutufundisha kwamba maneno "Wazungu wametuibia" hayaelezi kila kitu. Baraza la utafiti wa sayansi na viwanda la India lilipinga hataza hiyo, likapeleka ushahidi wa maandishi zaidi ya 30, yakiwamo ya Kisanskriti, ya Kiurdu na makala ya jarida la madaktari la mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ilifutwa.

Watu wengi huisimulia habari hii kama ushindi wa maarifa ya jadi. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Sheria ya Marekani ya wakati ule iliyahesabu maarifa ya nchi za nje pale tu yalipokuwa yamechapishwa au yamekwisha kupewa hataza. Matumizi ya mamilioni ya watu, kama hayakuandikwa, hayakuwa ushahidi. Sharti hilo lilibadilishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Tujiulize basi: kama mwaka 1996 ingalitakiwa Tanga ipeleke ushahidi juu ya singo na manjano, ingalipeleka nini? Kungwi wa Pangani angalijua yote, lakini ujuzi wake usingalikubaliwa. Kilichoiokoa India ni kwamba pamoja na bibi aliyejua, palikuwa na kitabu kilichosema. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumelitumia neno hilo kwa maduka na mashamba, tukasahau kulitumia kwa maarifa.

Kuhusu manjano, basi, kauli ya kwamba tungeibiwa ina msingi. Jambo lililojulikana na wengi lilidaiwa na wachache kuwa ni lao. Sasa na tutazame mfano wa pili, ambao unatutaka tuwe waangalifu zaidi.

Mkonge ndio uliojenga jina la Tanga duniani, lakini asili yake si Tanga. Ni mmea wa Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika safarini ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya mkonge kutoka pwani hadi Korogwe, na humo manamba waliletwa kutoka mbali kuja kukata majani. Jani lipitishwapo katika mashine ya kuchambulia, ambayo wafanyakazi huiita korona, singa zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kilichobaki, yaani maji na makapi, kwa miaka mingi kiliitwa takataka, kikamwagwa.

Mwaka 1951 wanakemia watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kwamba katika maji hayo ya mkonge mnapatikana kwa wingi kitu kiitwacho hekojenini. Wakati huo dunia ilikuwa imeshangazwa na dawa ya kotisoni, iliyotuliza baridi yabisi na uvimbe, lakini kuitengeneza kulikuwa kazi ndefu na ya gharama kubwa. Hekojenini ina umbo linalokaribiana na la kotisoni, nayo ina oksijeni mahali panaporahisisha kazi ya mkemia. Maji ya mkonge yaliachwa yachachuke na kutulia, mashapo yake yakachemshwa pamoja na asidi, na hekojenini ikatolewa. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliitumia hekojenini ya Afrika Mashariki kutengenezea dawa za jamii hiyo, ambayo miongoni mwake imo betamethasoni, dawa ya kupaka ya ukurutu na maradhi mengine ya ngozi.

Je, hapa tuliibiwa? Tukijibu kwa uaminifu, maarifa hatukuibiwa. Hapakuwa na kungwi wala mganga aliyejua hekojenini. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni, na kazi ya wanakemia wale ilikuwa uvumbuzi halisi. Mwanafunzi anayeandika kwamba Waingereza waliiba dawa ya mkonge kutoka kwa wazee wa Tanga anaandika uongo, hata kama uzalendo wake ni wa kweli. Lakini asiyeona dhuluma yoyote naye anakosea. Ardhi ilikuwa yetu, jasho lilikuwa la manamba, na thamani kubwa ilizaliwa ng'ambo, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na maabara. Kilichokosekana Tanga si mmea wala mikono. Ni shule ya kemia, na mtu wa kuyatazama maji yale akauliza kilichomo ndani yake. Neno "wizi" linaificha dhuluma hii ya pili, kwa kuwa humfanya msikilizaji amtafute mwizi badala ya kujenga maabara.

Habari hii ina mwisho wa kusikitisha. Dawa za kupaka za jamii ya betamethasoni, ambazo siku hizi hutengenezwa pia kwa njia nyingine, ni msaada mkubwa zitolewapo na daktari. Lakini zimeingia katika mikorogo ya kujichubua. Zipakwapo ovyo kwa muda mrefu hufanya ngozi iwe nyembamba, ikapasuka na kushindwa kujikinga. Serikali imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivyo, pamoja na vyenye zebaki na haidrokwinoni. Hata hivyo mikorogo ingali ikipatikana. Msichana wa pwani aliyeiacha singo ya bibi yake kwa kuiona ushamba, akanunua mkorogo ili aibadili rangi aliyozaliwa nayo, hakuibiwa utamaduni wake na yeyote. Aliuweka chini mwenyewe, na sisi walimu wake hatukumpa sababu ya kuuokota.

Tufanye nini basi? Jibu la haraka ni kwamba tuandike. Ni jibu jema, na lina mfano wa kale katika mwambao huu: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliziandika desturi za Waswahili kwa Kiswahili, zikachapishwa Ujerumani mwaka 1903. India nayo tangu mwaka 2001 imejenga maktaba ya maarifa ya jadi ambayo wakaguzi wa hataza wa nchi nyingine hukubaliwa kuitazama. Lakini kuandika nako kuna hatari yake. Jambo lililokwisha kuchapishwa si jipya tena, hata kwa mwenyewe. Linamzuia mgeni asilidai kuwa lake, lakini linamzuia pia mwenye maarifa asije akaomba hataza juu yake. Na kila mwenye kiwanda anaweza kulisoma na kulitumia bila kumlipa mtu.

Kwa hiyo hatuna budi kutenganisha. Yale yajulikanayo na wote, kama manjano, liwa na mwarobaini, yaandikwe na kuchapishwa bila kuchelewa, kwa Kiswahili na kwa majina ya Kibondei, Kisambaa, Kidigo, Kisegeju na Kizigua. Yale yaliyo siri ya mganga mmoja au ukoo mmoja yasichapishwe na mwanafunzi kwa ajili ya kupata maksi. Yaandikwe kwa idhini ya mwenyewe tu, na yahifadhiwe kwa masharti yake. Njia za kisheria zimeanza kufunguka. Mwaka 2010 nchi za jumuiya ya ARIPO, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, zilipitisha huko Swakopmund itifaki ya kulinda maarifa ya jadi. Na mwezi Mei 2024 ulipitishwa Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza aseme mmea ulitoka wapi, na maarifa ya jadi aliyoyategemea yalitoka kwa nani. Lakini mkataba hauwezi kumtaja kungwi ambaye nchi yake yenyewe haijamwandika.

Mwalimu atakayetoa mada ya mdahalo juu ya dawa zetu asiulize tena kama tumeibiwa au hatukuibiwa. Awatume wanafunzi kwa bibi zao na daftari mkononi, wakiwa na adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuandika. Kisha awarudishe katika maabara ya shule, waulize kilichomo ndani ya manjano kama Callow na wenzake walivyouliza juu ya maji ya mkonge. Wakifanya yote mawili, watajua kipi ni chetu na kipi si chetu, na watakuwa na ushahidi wa kukitetea kilicho chetu.