Kuuza na Kuuzisha: Mwandishi wa Habari za Kiswahili na Hadhira ya Arua na Koboko

Mijadala ya Kiswahili nchini Uganda huanza na sera: amri ya Idi Amin ya 1973, marekebisho ya Katiba ya 2005 yaliyokifanya lugha rasmi ya pili, kisha uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa Julai 2022. Mijadala hiyo ina mahali pake, lakini haimsaidii mwandishi wa habari wa Arua mwenye taarifa ya soko mbele yake. Swali lake ni jembamba na gumu: aandike kuuza au kuuzisha?

Katika Kiswahili sanifu, anayeuza hutoa bidhaa akapokea fedha. Kwa wasemaji wengi wa mashariki mwa Kongo, kuuza ni kununua, na mwenye kutoa bidhaa huuzisha. Wafanyabiashara wa Arua huvuka mpaka kwenda Ariwara. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na makazi ya Lobule yamepokea wakimbizi wa Kongo. Sentensi ya kielelezo, "Wafanyabiashara wa Ariwara wameuza mihogo yote", haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, msikilizaji mmoja ataelewa kwamba Ariwara wamemaliza mihogo yao; jirani yake ataelewa kwamba wameinunua yote. Mwenye gunia nyumbani atalitoa leo au atalificha, kutegemea ni Kiswahili kipi alichokulia.

Wahakiki wengi wangeliita jambo hili kosa. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kiswahili cha West Nile kimekuwa na walimu wengi. Jeshi la KAR liliwaandikisha vijana wengi wa huko na kuwaamrisha kwa Kiswahili. Baada ya utawala wa Amin kuanguka 1979, maelfu walikimbilia Zaire na Sudan, na watoto wao wakakulia katika lugha za huko. Darasa lilikuja mwisho, na kwa wengi halikuja kabisa. Tena hadhira hiyohiyo ina Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kilingala. Haikilazimiki Kiswahili, na kisipoeleweka itahamia kwingine.

Mwandishi naye yuko peke yake. Kampuni ya New Vision ilianzisha Bukedde, Orumuri, Rupiny na Etop. Halikuwamo la Kilugbara wala la Kiswahili. Pasipo meza ya uhariri ya kuigwa, huigwa taarifa zilizofasiriwa kutoka Kiingereza, na hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko huo wa msamiati. Kwa mfano: "Kufuatia kupunguzwa kwa mgao, zoezi la uhakiki wa wanufaika linatarajiwa kutekelezwa." Tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, Aprili 2020, habari za namna hii zimekuwa habari za chungu jikoni. Nani amepunguza? Nani aende wapi? Sentensi haisemi. "Chakula kimepunguzwa. Kila familia iende ikahesabiwe upya" ni Kiswahili sanifu vilevile, na aliyejifunzia sokoni anakielewa.

Je, mwandishi aandike batu na bitu? Hapana. Msemaji wa batu hutambua watu anapolisikia, na msomaji wa Mbale angepotezwa bure. Tofauti ya matamshi yaweza kuachwa ilivyo. Tofauti ya maana haiachiki, na kamusi sanifu haitoi msaada kwa sababu inaijua kuuza ya upande mmoja tu. Katika taarifa ya mihogo, mwandishi hana budi kukiacha kitenzi chenyewe na kueleza tendo: wafanyabiashara wa Ariwara wamelipa pesa na kuondoka na mihogo yote. Maneno yameongezeka, na mhariri wa Dar es Salaam huenda akayakata. Akiyakata, mwenye gunia arudi kubahatisha.