Mkaa wa Katuruka

Neno mkaa katika Kiswahili limebeba maana mbili: ya kwanza ni kile kitu cheusi kiuzwacho kwa debe na kwa gunia, kipakacho mikono na kanzu, na ya pili ni yule akaaye mahali, mwenyeji, kama tusemavyo wakaa pwani na wakaa bara. Wenye kamusi huyatenga maneno haya, nami siwagombi. Lakini tangu niliposoma habari za machimbo ya Katuruka nimeshindwa kuyatenga tena, kwa kuwa katika kijiji kile cha Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu wa kale waliondoka, nyumba zikaoza, chuma chenyewe kikaliwa na kutu, na aliyebaki akikaa ni mkaa.

Wazee wa Katuruka walikuwa na hadithi yao. Walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufikia mbinguni, na mahali penyewe walipajua, chini ya mti wa tambiko uitwao Kaiija, jina ambalo maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Peter Schmidt, Mmarekani mchimbuzi wa mambo ya kale, alikaa kwanza na wazee hao akawasikiliza kabla ya kushika jembe, adabu ambayo wachimbaji wengi wa zama zile hawakuwa nayo. Kisha, mwaka 1970, akachimba palipoelekezwa. Zikaonekana athari za kazi ya uhunzi, na mavi ya chuma, na vigae vya vyungu vya namna ya Urewe, vile vyenye michirizi ya kupendeza na kibonyeo chini ya kitako, na pamoja na hayo yote vipande vya mkaa. Mfalme huyo huhesabiwa kuwa alitawala karne ya 17. Mkaa ulipoulizwa, ulijibu kwamba moto wa mahali pale uliwaka miaka 2,000 hivi kabla yake. Basi wale wazee hawakusema uongo hata kidogo: kumbukumbu ya kwamba hapa palifuliwa chuma ilipokewa kinywa kwa kinywa kwa vizazi visivyohesabika, na nasaba iliyokuja baadaye ikamtia mfalme wake ndani ya kisa kilichokwisha kuwa cha kale alipozaliwa.

Ni kazi ya huko kuuliza mkaa ninayotaka kuisifu, nayo haianzi katika nyumba ya mashine, kama watu wadhanivyo. Huanza shimoni, mchimbaji akiwa amepiga magoti, mwiko wa mwashi mkononi, anatazama udongo unavyobadilika rangi kutoka mwekundu kuwa kijivu na kutoka kijivu kuwa mweusi. Akikiona kipande cha mkaa, pengine si kikubwa kuliko ukucha, hakigusi kwa vidole, maana jasho na mafuta ya mwili yana kaboni ya leo. Hakifungi kwa pamba wala kwa karatasi, maana pamba na karatasi ni mimea ya juzi. Wala hamruhusu mwenziwe kuvuta sigara juu ya shimo. Hukinyanyua kwa ncha ya mwiko, akakiweka katika karatasi ya jaribosi, akaandika kina na tabaka na upande. Kisha hutazama tena pale kilipotoka, kwa sababu Buhaya ni nchi ya migomba, na mizizi huteremka, na panya huchimba, na mchwa hawana desturi ya kuheshimu matabaka ya wanazuoni. Mkaa wa jana waweza kudondoka katika tundu la panya ukalala karibu na kigae cha zama za kale, ukatoa ushahidi wa uongo bila ya kosa lake.

Kipande kikifika mikononi mwa mpimaji, huanza kuoshwa. Kwanza vijizizi huondolewa kwa kibano, kimoja kimoja, chini ya hadubini; halafu mkaa hutiwa asidi ili iyeyushe chokaa; halafu hutiwa maji ya magadi makali, ambayo huunyonya ule utomvu wa mimea iliyoozea udongoni, nayo hutoka meusi kama kahawa ya buni; humwagwa, hutiwa mengine, humwagwa tena, mithili ya mtu aoshaye mchele asiyeridhika mpaka maji yawe meupe; na mwisho asidi mara ya pili. Kazi hii yachosha na haina fahari. Lakini asiyeosha vizuri atapima umri wa uchafu.

Elimu iliyo nyuma yake yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Miale itokayo mbali angani huigonga hewa yetu, ikaigeuza nitrojeni kidogo kuwa kaboni ya namba 14. Mmea huila kaboni hiyo pamoja na ile ya kawaida maadamu u hai, na ukifa haupokei tena, na ile uliyokuwa nayo huanza kutoweka kwa kadiri isiyobadilika, hata katika miaka 5,730 ikabaki nusu. Aliyelitambua jambo hili ni Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetangaza vipimo vyake mwaka 1949 baada ya kuvijaribu, miongoni mwa vitu vingine, kwa mbao ya kaburi la Zoser wa Misri, ambayo umri wake ulijulikana kwa njia nyingine. Naye akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Mwenye kustaajabu na astaajabu hapa: gramu moja ya kaboni ya mti uliokatwa leo hutoa mapigo kama 14 kwa dakika, na ya mti uliokufa miaka 2,400 iliyopita hutoa kama 10. Tofauti ya mapigo manne! Ilhali miale ya nje ilikuwa ikikipiga chombo chenyewe cha kuhesabia mapigo mamia ya mara kwa dakika, hata Libby akalazimika kukizungushia kuta nene za chuma na duara la vyombo vingine vya kukilinda, ndipo mnong'ono ule usikike katika zogo. Tangu mwaka 1977 zimekuwako mashine zinazohesabu atomu zenyewe badala ya kungoja mapigo, na kipande kama punje ya mtama hutosha.

Hata hivyo, namba ikishapatikana, fundi wa kweli ndipo aanzapo kuitilia shaka. Niliposoma habari hizi nilikwenda jikoni nikavunja kipande cha mkaa kwa upande, nikakisogeza dirishani: mapete ya mti yalikuwamo yote, membamba, yakifuatana kama mawimbi ya maji kupwa, na vitundu vya mishipa vikionekana kwa macho. Kila pete ni mwaka wake. Pete ya ndani huacha kula hewa zamani, mti ungali umesimama na majani yake. Kwa hiyo mkaa wa kiini cha mti wa miaka 200 una umri wa miaka 200 siku ile ile uchomwapo, na mpimaji asiyejua umetoka kwenye kiini au kwenye ganda ataipa tanuri uzee usio wake. Ndiyo hoja waliyoitoa waliozipinga tarehe kongwe kabisa za Buhaya, nami naona ilikuwa hoja ya insafu. Shahidi bora ni yule aliyeishi maisha mafupi: punje ya nafaka, ganda la mbegu, tete. Na hapa Wahaya wenyewe walitoa fundisho, kwani mwaka 1976 wazee waliokuwa hawajayeyusha chuma tangu ujana wao walijenga tanuri upya mbele ya Schmidt na wenzake, na shimo lake wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa. Tete haliishi karne mbili. Makaa yake yakiokotwa chini ya mavi ya chuma, hayana nafasi kubwa ya kudanganya.

Libby alidhani kaboni 14 ya hewani haikupata kuongezeka wala kupungua. Alikosea, na waliomsahihisha walikwenda kwenye misonobari ya milima ya California, ambayo mingine imeishi zaidi ya miaka 4,000, wakayahesabu mapete yake moja moja na kuyapima; ndipo ikadhihirika kwamba miaka ya mkaa si miaka ya kalenda, na kwamba pana mstari uliopinda wa kuifasiri ile kuwa hii. Mstari huo una mahali pake pabaya. Kati ya miaka 800 na 400 K.K. hulala ukawa kama uwanda, na kitu chochote kilichokufa ndani ya karne hizo nne hutoa takriban jibu lile lile. Nako ndiko iangukiako mikaa ya kale ya Katuruka. Yaani pale tunapotamani kujua zaidi, chuma kilianza lini pande zile, ndipo mizani inapotikisika mikononi. Tena Buhaya iko digrii moja na kitu kusini ya ikweta, ambapo hewa ya kaskazini na ya kusini huchanganyika kwa majira, nazo haziko sawa kwa kaboni 14. Mpimaji hana budi kuamua achukue mstari upi, au auchanganye. (Sisi wa pwani tusicheke: chaza wa kale, kwa kuwa bahari huhifadhi kaboni kuukuu, huhesabiwa kuwa na miaka kama 400 zaidi ya umri wake.)

Kwa ajili ya haya yote, mpimaji aliye mwaminifu hakupi mwaka. Hukupa mwaka pamoja na upana wa shaka yake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba huenda ni karne hii, na huenda ni ile, na kadiri ya yakini yake ni hii. Nimewasikia watu wakilidharau jambo hilo, wakisema mtaalamu gani huyu asiyejua. Mimi naliona kuwa ndilo taji la kazi yake, kwa maana nimesoma vitabu vingi vya tarikh vilivyoandika mwaka mmoja kwa wino mzito pasipo mkaa, pasipo kigae, pasipo hata mzee wa kuulizwa.

Nawe msomaji, hasa wewe wa Buhaya, au wa Nyanza, au wa popote palipokuwa na wahunzi: ukichimba kisima au msingi wa nyumba, jembe likafunua udongo mweusi wenye vigae vya michirizi na mavi ya chuma, tafadhali usiuzoe ukautupa, wala usiukusanye mkaa ukaupeleka mjini kuuonyesha, kwani ukishang'oka katika tabaka lake nusu ya habari imekwisha potea. Ufunike kwa ule ule udongo uliotoka, weka alama, ukawaite watu wa Mambo ya Kale waje na mwiko.