Ojwang' Hatari: Je, ni Mhusika Bapa?

Katika somo la uhakiki wa tamthilia hufunzwa mapema kwamba kuna wahusika bapa na wahusika duara. Mgawanyo huu tumeurithi kwa E. M. Forster, aliyeutoa mwaka 1927. Mhusika bapa habadiliki. Ukimjua leo umemjua milele. Mhusika duara hutushangaza, na bado tukamwamini. Kwa kipimo hicho Ojwang' Hatari wa Vitimbi ni bapa kama chapati. Mwenzangu mmoja alisema hivyo darasani, tukacheka, mjadala ukaishia hapo. Mimi sikuridhika. Naona tulimpima mhusika tukamsahau mwigizaji.

Mwigizaji huyo alikuwa Benson Wanjau. Kuanzia miaka ya 1980 aliigiza vichekesho katika televisheni ya taifa, na katika Vitimbi alishirikiana na Mary Khavere, ndiye Mama Kayai. Alikaa ndani ya Ojwang' kwa takriban miongo mitatu, hadi jina lake halisi likamezwa. Alipofariki Nairobi mwezi Julai 2015, watu walimlilia Mzee Ojwang'. Wengine ndipo walipojua kwamba Mjaluo wao wa miaka yote hiyo alikuwa Mkikuyu.

Hapa ndipo uhakiki ungepaswa kuanza. Kiswahili cha Ojwang' kilibeba lafudhi ya Kijaluo: "shida" ikawa "sida", na mambo yakimzidi akapiga ukelele wake, "Mama yoo!" Mkikuyu naye ana mitego yake ya matamshi, sauti za "l" na "r" humchanganya. Kwa hivyo Wanjau hakuwa anaharibu Kiswahili ovyo ovyo. Ilimbidi azuie makosa ya lugha yake ya mama, ajifunze makosa ya jirani, kisha ayashikilie kipindi kizima, akiwa amekasirika, anajigamba ama anabembeleza. Hebu jaribu dakika tano uone.

Wapo watakaoniuliza: lakini bwana, hiyo si dharau? Kuchekesha watu kwa lafudhi ya kabila jingine si ucheshi wa bei rahisi? Hoja hii ina uzito na siikwepi. Tazama Vioja Mahakamani, kipindi cha stesheni hiyo hiyo. Mahakama huongea Kiswahili kilichotulia. Mshtakiwa ndiye mwenye lafudhi nzito. Mtoto anayetazama hujifunza, bila kuambiwa na mtu, Kiswahili kipi ni cha mamlaka na kipi ni cha kuchekwa. Tulipokuwa shule ya msingi tulimwita mwenzetu mmoja "Ojwang'" kwa sababu ya matamshi yake. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Hata hivyo, kuicheka lafudhi si sawa na kumdunisha mwenye lafudhi, na Vitimbi inatuonyesha tofauti hiyo. Mle ndani karibu kila mtu alikuja na lafudhi ya kwao. Hapakuwa na hakimu aliyeketi juu na Kiswahili sanifu akiwapima wengine. Kilichomwangusha Ojwang' hakikuwa ulimi wake bali majivuno yake: mwanamume anayejidai bwana wa nyumba ilhali Mama Kayai ndiye anayejua mambo yanavyokwenda. Mwanamume wa namna hiyo yuko Kisumu, yuko Nyeri, na pengine yuko katika ukumbi wetu wa mihadhara.

Jambo hili si dogo katika nchi yetu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133. Siku zile lafudhi haikuwa mzaha. Jina lako na namna unavyotamka neno viliweza kukuponza. Kumbuka basi kwamba kabla ya ghasia hizo na baada yake, kulikuwa na Mkikuyu aliyependwa na nchi akiwa na ulimi wa Kijaluo. Sisemi eti Ojwang' aliiponya Kenya, la hasha. Ninachosema ni kwamba alitusikilizisha lugha ya jirani bila chuki, na hiyo ni kazi ya sanaa.

Turudi kwa Forster. Ni kweli, ndani ya kipindi Ojwang' hakutushangaza. Alikuwa yule yule wiki nenda wiki rudi. Mshangao uko kwa Wanjau, katika sauti na mwili wake, na huko uhakiki wetu haufiki. Tunaichambua Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) mstari kwa mstari, lakini ni nani kati yetu ameandika hata ukurasa mmoja juu ya mtu anayesimama na kuyatamka maneno yale? Tumezoea matini, tukadhani mwigizaji ni bomba tu la kupitishia maji.

Mwenzangu aliyesema "bapa", nakungoja katika toleo lijalo. Na kwa yule tuliyemtania shuleni, nakiri kwamba hatukuwa tumemwelewa Ojwang' hata kidogo. Wanjau alijifunza ulimi wa jirani yake. Sisi tuliuchukua tukamchomea mtoto mwenzetu.