Mitungi ya Ladi Kwali

Penye gurudumu, mfinyanzi huketi na chombo kikazunguka. Ladi Kwali aliuacha mtungi utulie, akauzunguka mwenyewe kinyumenyume, mgongo ameuinamisha, mkono mmoja ndani na wa pili nje, akipandisha udongo pindi juu ya pindi. Ndivyo alivyofunzwa na shangazi yake kijijini Kwali, katikati ya Nigeria, kwa watu wake Wagbagyi, ambako ufinyanzi ni kazi ya wanawake.

Udongo ukiwa bado mbichi alishika kijiti akachanja mjusi, nge, mamba, kinyonga. Kisha mitungi ilichomwa uwanjani kwa kuni na nyasi. Moto wa namna hiyo hauwi mkali sana. Chombo hubaki na vinyweleo, maji hujipenyeza na kukaukia nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Sifa za mitungi hiyo zilifika hadi kasri la Emir wa Abuja, na huko ndiko mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew alikoiona. Mwaka 1954 Ladi akaingia kituo cha mafunzo ya ufinyanzi alichokianzisha Cardew, mwanamke wa kwanza kupokelewa.

Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Tanuri la kituo lilipanda hadi karibu nyuzi 1300 za Selsiasi, joto ambalo kwalo chembe za udongo huyeyukiana na kushikana, chombo kikawa jiwe. Jiwe halivuji. Mtungi ukapoteza kazi yake ya kupoza maji, na nionavyo mimi, mzigo wote ukahamia kwenye nakshi. Ladi alijaza chanjo kwa uji mweupe wa kaolini na feldispa, kisha chombo kikavikwa seladoni, kioo chembamba chenye ukijani, na yule mjusi wa Kwali akaonekana kama yumo majini. Gurudumu alijifunza pia, lakini mitungi mikubwa aliendelea kuizunguka kwa miguu yake. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku udaktari wa heshima. Leo yumo kwenye noti ya naira 20. Kwangu, uamuzi ule wa kukubali moto mpya bila kuuacha mwendo wa shangazi unazipita heshima zote hizo.

Alifariki 1984. Miaka kumi kabla ya hapo, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisomea ufinyanzi Uingereza, alifunga safari hadi kituo hicho cha Abuja kujifunza kujenga chombo kwa mikono mitupu. Vyombo vinavyomtambulisha huvijenga hivyo, bila gurudumu.